Kilomita 957 na futari moja angani: Tromsø hadi Longyearbyen

Jumanne, 18 Machi 2025. Tromsø

Mama alipiga simu nikiwa nafunga begi.

"Huko unakokwenda ni mbali?"

"Kama Dar na Mwanza, Mama. Na kidogo zaidi."

"Basi linachukua siku ngapi?"

"Basi haliendi. Ni bahari tupu hadi huko. Ndege, saa moja na dakika arobaini."

Akanyamaza kidogo, nikajua swali linalofuata. "Na swaumu?"

"Msafiri ana ruhusa, Mama."

"Ruhusa ipo, sijakataa. Nakuuliza wewe utafanyaje."

Nikasema nitafunga. Nilijibu kwa haraka ya mtu anayetaka kukata simu, nami sikujua kwamba jibu hilo ndilo litakaloniweka roho juu jioni nzima.

Nieleze kwanza hesabu, maana ndiyo iliyonitia hamu ya safari hii. Nasomea mambo ya uvuvi hapa Tromsø, kaskazini ya Norwei, na darasani tunapima kila kitu kwa maili za bahari. Maili moja ya bahari ni dakika moja ya latitudo, yaani mita 1,852. Uwanja wa Tromsø uko nyuzi 69 na dakika 41 kaskazini. Uwanja wa Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard, uko nyuzi 78 na dakika 15. Toa kimoja kwa kingine, unapata nyuzi 8 na dakika 34, sawa na dakika 514. Hizo ni maili 514, au kilomita 952. Longyearbyen imekaa magharibi kidogo, kwa hiyo mstari unainama kidogo na kuwa kama kilomita 957. Sikuhitaji programu wala ramani. Viwanja hivi viwili vimepangana kaskazini na kusini kama fundo mbili kwenye uzi mmoja, jambo ambalo si kawaida kulipata.

Huko kusogea magharibi nako kuna maajabu yake. Tofauti ya longitudo ni nyuzi tatu na nusu hivi. Kwetu Tanga nyuzi tatu na nusu zinakaribia kilomita 390. Huko juu, ambako longitudo zinakwenda kukutana nchani kama mbavu za mwavuli, uzi mmoja wa longitudo hauna hata kilomita 23.

Sasa muda. Ndege ya abiria ikishatulia juu hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya 957 kwa 800, unapata saa moja na dakika kumi na mbili. Mbona tiketi inasema saa moja na arobaini? Kwa sababu muda wa tiketi unaanza ndege inapoondoka mlangoni na kuisha inaposimama mlangoni kule. Humo ndani mna kujikongoja kwenda kwenye njia ya kurukia, kunyunyiziwa dawa ya kuyeyusha barafu kwenye mabawa, kupanda, kushuka taratibu, na kuzunguka kutafuta upande ambao upepo unatoka. Kilomita 957 ni za mstari. Dakika 100 ni za kadiri ya mtu aliyefanya safari hiyo mara nyingi.

Tulikuwa turuke saa saba mchana. Uwanja wa Tromsø unaitwa Langnes, uko upande wa magharibi wa kisiwa, na umekuwa ukitumika tangu mwaka 1964. Wa Svalbard hukaguliwa pasipoti hapa. Svalbard ni ya Norwei, lakini haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na kufunguliana mipaka, kwa hiyo unatoka Schengen ukiwa bado ndani ya Norwei. Hata waliokuja na ndege hiyo kutoka Oslo hushuka, wakapanga foleni pamoja nasi, wakarudi kwenye viti vyao. Mkataba wa Svalbard uliosainiwa Paris mwaka 1920 uliipa Norwei mamlaka juu ya visiwa lakini ukawaachia raia wa nchi zilizosaini haki ya kuishi na kufanya kazi huko. Viza ya Svalbard haipo. Ila njia ya kufika inapita Norwei bara, na huko viza ipo, kwa hiyo Mtanzania asiye na kibali cha ukaazi ajihakikishie kwamba viza yake inamruhusu kuingia Schengen mara mbili. Akisahau hilo, atafika Svalbard kwa raha na kukosa njia ya kurudi. Afisa aliiangalia kadi yangu ya ukaazi, akaitazama pasipoti, akanitakia safari njema.

Saa saba ikapita. Ubao ukaandika saa tisa, kisha saa kumi. Upepo, walisema, na ukungu kule mwisho wa safari. Tuliruka saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Nilipata dirisha la kushoto, upande wa magharibi, na jua lilikuwa limekaa chini pembeni kama sinia la shaba. Kwenye begi nilikuwa na tende sita na chupa ya maji. Magharibi ya Tromsø siku hiyo ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kama tano. Muda huo ukafika tukiwa juu ya bahari, tumeshakipita kisiwa cha Bjørnøya. Nikatazama nje. Jua liko palepale.

Nililijua hilo kwa kusoma, sikuwa nimelipata kwa tumbo. Ukiwa juu sana unaona mbali zaidi ukingoni mwa dunia, kwa hiyo jua linachelewa kukupotea. Tanga, ambako jua huanguka wima kama nazi, kuchelewa huko ni dakika kumi na kitu. Huku jua linateleza kwa ubavu, linashuka kwa mshazari, na kuchelewa kunaweza kukaribia saa nzima. Na aliyefunga akiwa ndegeni hafuati saa ya mji alioruka wala mji anaokwenda. Anafuata jua analoliona yeye.

Mama wa Kinorwei aliyeketi kando yangu, anayefanya kazi dukani Longyearbyen, aliona nimeshika tende mkononi siili. Akauliza. Nikamweleza. Akainama kuchungulia dirisha langu, akasema, "Basi nitakuwa shahidi wako." Kuanzia hapo tukawa wawili tunalingojea jua.

Tulianza kushuka. Chini palikuwa pameziba, weupe mtupu kama maziwa. Tukazunguka. Tukazunguka tena. Kisha rubani akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya mkate kwamba uwezo wa kuona uwanjani uko chini ya kiwango kinachoruhusiwa, na tunarudi Tromsø.

Ndani ya ndege hakuna aliyelalamika. Yule mama aliinua mabega tu. "Huwa hivi," alisema. Akanifafanulia kwamba ndege ya Svalbard lazima ibebe mafuta ya kwenda na kurudi, kwa sababu kule hakuna uwanja wa jirani wa kukimbilia. Viwanja vingine vya visiwani, kama Ny-Ålesund, ni vya ndege ndogo. Dar ikifungika unakwenda Zanzibar au Kilimanjaro. Longyearbyen ikifungika jirani yako wa kwanza ni bara, mwendo uleule uliotoka nao.

Ndege ikageuza pua kusini, na jua likahamia dirisha la upande wa pili. Mama yule akaomba abiria wa kulia wapandishe pazia la dirisha. Sijui aliwaambia nini kwa Kinorwei, lakini nilipoangalia, safu tatu za watu walikuwa wanachungulia nje. Saa moja kasoro dakika kumi, kipande cha mwisho kikazama kwenye mawingu. Kijana mmoja akapiga makofi. Nikala tende yangu, ya pili nikampa shahidi.

Tulitua Langnes karibu saa mbili usiku. Nilikuwa nimesafiri zaidi ya kilomita 1,900, umbali unaotosha kutoka Dar hadi Mwanza na kurudi, na ikabaki akiba. Nikapanda basi la mjini kwenda chumbani kwangu.

Jumatano, 19 Machi. Tromsø

Ukungu bado upo kule. Tiketi imesogezwa kesho.

Bandarini Tromsø kuna sanamu ya Roald Amundsen, amesimama na koti lake zito anatazama mbali. Nimeipita mara nyingi nikienda kununua samaki, leo nikasimama. Huyu ndiye aliyeongoza msafara wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, tarehe 14 Desemba 1911. Mwaka 1926 akapita juu ya Ncha ya Kaskazini kwa puto kubwa la injini lililoitwa Norge, likiongozwa na Mwitaliano Umberto Nobile. Liliondoka Ny-Ålesund, Svalbard, tarehe 11 Mei, likatua Alaska. Baada ya hapo wakagombana, yeye na Nobile, kila mmoja akidai sifa.

Mei 1928 Nobile akarudi na puto lake jingine, Italia, likaanguka juu ya barafu. Amundsen alipopata habari hakuuliza mara mbili. Tarehe 18 Juni alipanda ndege ya majini ya Kifaransa, Latham 47, hapahapa Tromsø, watu sita ndani yake, kwenda kumtafuta mtu aliyekuwa hasimu wake. Walikuwa wanaelekea Svalbard. Njia yao ndiyo hii yangu ya jana, na bahari ni ileile ambayo mimi niliipita nikilaumu jua kwa kuchelewa. Hawakufika. Siku ya mwisho wa Agosti wavuvi waliopoa boya moja la ndege hiyo si mbali na pwani ya mkoa wa Troms. Miili haijapatikana hadi leo. Nobile aliokolewa, akaishi hadi mwaka 1978.

Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Watalii wawili waliniomba niwapige picha na sanamu. Niliwapiga.

Rafiki yangu wa Bukavu, anayesoma nami, alinialika futari. Wali, maharage, samaki wa chewa wa kukaanga, na utani mwingi: "Bwana Mkubwa wa Ncha, umeenda Svalbard na kurudi jioni ileile, hata Amundsen hakuweza." Nilimwambia asitaje jina hilo leo.

Alhamisi, 20 Machi. Longyearbyen

Leo mchana na usiku ni karibu sawa. Saa nne na dakika moja asubuhi kwa saa za hapa, nikiwa kwenye foleni ya uhamiaji kwa mara ya pili wiki hii, jua lilivuka ikweta kuja kaskazini. Afisa alikuwa yuleyule. Hakucheka, lakini nyusi zilisogea.

Niseme kitu kuhusu saa zetu za Kiswahili. Mzungu anahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na saa kumi na mbili jioni ni jua kuzama. Ni hesabu ya watu wa karibu na ikweta na haina kosa lolote kwao. Ukiileta Tromsø mwezi wa Desemba inakufa: saa moja asubuhi giza, saa sita mchana giza la samawati, saa moja usiku giza. Jua halionekani kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Longyearbyen ni zaidi, linapotea mwishoni mwa Oktoba na kurudi Februari, na kwa sababu ya milima mji wenyewe unangoja hadi tarehe 8 Machi, miale inapogusa mahali palipokuwa ngazi za hospitali ya zamani. Watu hukusanyika pale kulipokea. Lakini mara mbili kwa mwaka, siku kama za leo, saa ya Kiswahili inafanya kazi hata kwenye nyuzi 78. Jua la Longyearbyen leo linazama saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne. La Tanga, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Nilipiga hesabu hiyo nikafurahi peke yangu kama mtoto aliyeokota shilingi.

Haidumu. Wakati huu wa mwaka siku ya Longyearbyen inarefuka kwa zaidi ya robo saa kila siku. Mwezi mmoja kutoka leo jua halitazama kabisa, hadi Agosti.

Safari hii tuliruka mapema mchana na mbingu safi. Niliiwasha saa ya simu magurudumu yalipoacha ardhi. Bjørnøya, ambayo jina lake ni Kisiwa cha Dubu, iko zaidi kidogo ya nusu ya njia. Mholanzi Willem Barentsz aliifikia mwaka 1596. Leo pana kituo cha hali ya hewa na watu wachache mno. Niliiona kwa dakika moja tu, kipande cheusi na cheupe katika bahari ya rangi ya risasi, kisha wingu dogo likaifunika kwa wivu.

Halafu Spitsbergen, kisiwa kikubwa cha Svalbard, ikatokea. Milima yenye ncha, yote meupe, hakuna mti, hakuna paa, hakuna barabara. Tuliingia kwenye ghuba kubwa ya Isfjorden tukishuka taratibu. Mashariki ya uwanja kuna mlima unaoitwa Operafjellet. Tarehe 29 Agosti 1996 ndege ya Kirusi aina ya Tu-154, iliyotoka Moscow ikiwa na wachimba makaa na jamaa zao, iligonga mlima huo ikijaribu kutua katika mawingu. Wote 141 walikufa. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi katika ardhi ya Norwei. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo Jumanne usiku baada ya kurudishwa, na tangu wakati huo sikumlaumu tena yule rubani aliyetugeuza.

Magurudumu yaligusa saa moja na dakika ishirini na mbili baada ya kuruka. Ndege iliruka kidogo kama basi lililopita tuta. Njia ya kurukia imejengwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima, na tabaka la juu la ardhi ya namna hiyo likiyeyuka kiangazi na kuganda tena, linasukuma na kushusha kila kilicho juu yake. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1975. Kabla ya hapo ndege zilikuwa zikitua wakati wa baridi kwenye bonde la Adventdalen lililoganda, na kiangazi watu walingoja meli. Ukikosa meli ya mwisho ya vuli, ilikuwa basi tena hadi barafu ifunguke.

Nje baridi ni nyuzi 16 chini ya sifuri. Pua inanata ukivuta pumzi. Mbele ya jengo kuna nguzo ya vibao vinavyoelekeza miji ya dunia na umbali wake, na Ncha ya Kaskazini ambayo ni kama kilomita 1,300 tu. Tanga haimo, si ajabu. Nikaifanyia Dar hesabu mwenyewe kwa simu, vidole vikinichoma: kama kilomita 9,570. Niliitazama namba hiyo mara mbili. Ni mara kumi ya njia niliyomaliza sasa hivi, karibu bila baki. Nikampigia Mama kumweleza kwamba kutoka Dar hadi nilipo ni Tromsø–Longyearbyen kumi. "Mimi hizo sizijui," alisema. "Umevaa kofia?"

Nimelala Nybyen, juu kabisa ya bonde, katika nyumba zilizokuwa mabweni ya wachimba makaa. Viatu vinavuliwa mlangoni, desturi ya enzi ambazo kila soli ilikuwa na vumbi la makaa. Mji wenyewe una jina la Mmarekani John Munro Longyear, ambaye kampuni yake ilianza kuchimba hapa mwaka 1906. Mgodi wa saba, wa mwisho wa Kinorwei, ulikuwa bado unafanya kazi siku hizo, ukafungwa kiangazi cha mwaka 2025.

Kuna wakazi kama 2,500 hivi, na Wathai ni wengi miongoni mwa wageni wanaofanya kazi hapa. Hilo nililijua kwa njia nzuri kuliko kusoma: dukani nilikuta tui la kopo. Nikanunua makopo mawili, chewa, ndimu na pilipili. Jikoni kwa pamoja alikuwepo kijana Mthai anayefanya kazi ya upishi hotelini, akanitazama nikikaanga kitunguu, akanisogezea majani fulani na mchaichai. Sikukataa. Mchuzi wa tui wa Tanga ulipata harufu ya Bangkok, na saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne, jua la kweli likiwa nyuma ya mlima, tulikula wote wawili kwenye bakuli moja kubwa. Aliuliza kwa nini nimengoja dakika hiyo hasa. Nikamwonyesha dirisha. Hakukuwa na jua lolote la kuonyesha, mlima tu. Akacheka.

Kibla kutoka hapa ni kusini, ukiegemea mashariki kidogo. Huku karibu kila mahali pa dunia ni kusini.

Ijumaa, 21 Machi. Longyearbyen

Nilitaka kwenda Ny-Ålesund. Ni kama kilomita 110 kutoka hapa, ndege ndogo inachukua chini ya nusu saa, lakini viti ni vya watafiti na wanaofanya kazi kule, na mwanafunzi wa samaki asiye na barua hapati. Barabara haipo. Svalbard nzima, eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, barabara zake ni chache na fupi, na hakuna inayounganisha mji mmoja na mwingine. Majira haya watu wanakwenda kwa pikipiki za theluji.

Hapo ndipo nilipoikumbuka barabara ya kwetu. Kutoka Tanga hadi Dar, kunguru angeruka kama kilomita 200. Basi linapita Muheza, Segera, Chalinze na kufanya 350, na tumezoea kusema Dar iko mbali. Kumbe kilichorefuka ni njia. Huku hata hiyo njia ndefu ya kulalamikia hakuna.

Kutembea nako kuna mpaka. Mwisho wa mji kuna kibao cha pembe tatu chenye picha ya dubu mweupe, na chini yake maneno yanayosema onyo hilo ni la Svalbard yote. Kupita hapo bila njia ya kujikinga na dubu hairuhusiwi, na wenyeji hubeba bunduki. Mlangoni mwa duka kuna tangazo la kukataza kuingia na silaha. Nilisimama kwenye kibao, nikapiga picha, nikarudi.

Nilichukua teksi hadi kwenye ghala la mbegu, juu ya uwanja wa ndege. Haliruhusu wageni ndani. Unachokiona ni mlango wa zege mwembamba uliochomoza ubavuni mwa mlima Platåberget, na juu yake vioo vinavyometameta. Nyuma yake njia inaingia mlimani hadi vyumba vinavyohifadhiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na ndani yake sampuli za mbegu zaidi ya milioni moja na laki mbili kutoka hazina za mbegu za nchi mbalimbali. Vita, mafuriko au umeme kukatika vikiharibu hazina ya nchi, mbegu zake zipo hapa. Lilifunguliwa tarehe 26 Februari 2008, na sanduku la kwanza lilipelekwa ndani na waziri mkuu wa Norwei Jens Stoltenberg pamoja na Wangari Maathai wa Kenya. Mama wa miti kupeleka mbegu mahali pasipoota hata kichaka! Nilimfikiria katika baridi hii, mtu wa Nyeri, na nikajiona kwamba nimelalamika sana kwa siku mbili.

Dereva alizima injini ili nisikie kimya. Hakuzima mita.

Kwa nini hapa, nilimuuliza, pahali pagumu kufika hivi? Akanyoosha kidole chini, kwenye uwanja wa ndege, tulikokuwa tunauona wote mzima, ndege moja imesimama. "Si pagumu. Ndege inakuja kila siku." Kisha akaongeza, "Karibu kila siku."

Jumamosi, 22 Machi. Kurudi

Asubuhi upepo. Mchana ukalala. Ndege ilikuja, ikasimama chini ya saa moja, ikatubeba. Nilipata dirisha la kulia safari hii, magharibi tena, nikalinda jua kwa mazoea. Angani saa moja na dakika ishirini na tano. Dakika tatu zaidi ya kuja, pengine upepo wa mbele, sikuona haja ya kuuliza. Uhamiaji Tromsø palikuwa na afisa mwingine.

Nikasimama kituo cha basi nje ya uwanja nikingoja adhana ya simu, tende mfukoni. Watu wakaja, wakapanda, wakaenda. Mbingu ikawa ya zambarau. Adhana kimya. Niliacha basi moja lipite kwa sababu sikutaka kufuturu nikiwa nimebanwa mlangoni.

Mama akapiga kupitia intaneti ya uwanja, ambayo ilikuwa bado inanifikia kwa mbali.

"Umefuturu?"

"Bado, Mama. Nangoja."

"Unangoja nini? Huku tumeshasali tarawehe."

Nikaangalia simu vizuri. Ilikuwa bado imefungwa mtandao wa simu tangu ndegeni, na programu ya adhana haikujua kwamba nimeondoka. Juu yake pameandikwa Longyearbyen, Magharibi, saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Hapa Tromsø jua lilikuwa limezama dakika ishirini zilizopita.

"Mama, nilikuwa nafunga ya Svalbard."

"Kula," alisema.